Kidonge Kwenye Kopo la Poda

*Mume alidhani ni majira. Mke alidhani akisema ataachwa. Kumbe mle ndani mlikuwa na dawa ya moyo, na siri yake nusura iondoke na mtu.*

"Kaka, mkeo anatumia dawa gani nyumbani?"

Swali dogo tu, lakini jamaa lilimshinda. Ilikuwa Jumamosi, saa tano usiku, kitengo cha dharura cha hospitali moja hapa Dar. Mkewe amelala kitandani, nyaya zimebandikwa kifuani, mashine inalia taratibu, mara inakurupuka, mara inatulia. Nesi kashika kalamu anasubiri jibu. Jamaa akatazama chini, akameza mate, akatoa mfukoni kikopo cha poda.

"Hizi hapa. Ni majira," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekaa na neno hilo kooni mwezi mzima.

Daktari akafungua kikopo, akatoa kipande cha pakiti, akakisogeza kwenye taa. Akasoma. Akamtazama jamaa.

"Hizi siyo majira, kaka. Hizi ni dawa za moyo. Kwani hujui kama mkeo ana tatizo la moyo?"

Hakujua. Miaka miwili ya ndoa, kitanda kimoja, shuka moja, na hakujua.

Mume na mke hawa wanakaa Mbagala Rangi Tatu. Mke ni shosti wangu tangu chuo, anafanya uhasibu kwenye ofisi moja Posta. Majina nayahifadhi, maana wana wakwe, majirani na wafanyakazi wenzao, lakini wote wawili wamekubali niyaandike haya. "Andika," shosti aliniambia. "Kuna wengine wamekaa na vikopo vyao."

ILIANZIA KWENYE NGAZI

Alikuwa na miaka 27, hajaolewa, hata huyo mume hajamjua. Siku hiyo lifti ya ofisini ilikuwa mbovu, akapanda ngazi. Alipofika ghorofa ya tatu moyo ukaanza kukimbia. Siyo ule wa kuhema baada ya ngazi, hapana. Huu ulikuwa unapiga mpaka anauona kwenye blauzi. Akakaa chini. Baada ya dakika kumi hivi ukaacha ghafla, kama mtu aliyezima swichi.

Ukarudi tena ndani ya daladala. Ukarudi kanisani akiwa kwenye kwaya. Ukarudi akiwa amekaa tu anaangalia tamthilia. Unajua tena watu wetu: mmoja akasema ni presha, mwingine akasema mawazo, shangazi akasema kuna mtu anamchezea. Kila akifika zahanati moyo umeshatulia, anapimwa, anaambiwa yuko fiti, anarudi nyumbani na panadol.

Mpaka siku moja akakutwa nao ukiwa bado unakimbia. Akapimwa umeme wa moyo, kile kipimo cha ECG cha kubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na hapo ndipo mambo yakawa wazi. Alizaliwa na njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Hali hiyo inaitwa kwa majina ya madaktari watatu walioieleza mwaka 1930: Wolff, Parkinson na White.

Tuliweke hivi. Moyo ni kama daladala. Dereva haondoki mpaka konda agonge bati. Konda wa moyo yuko juu upande wa kulia, ni kijisehemu kidogo kinachotoa umeme, na kwa mtu mzima aliyetulia hugonga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Sasa fikiria kwenye hilo gari kuna mlango wa pili ambao haukutakiwa kuwepo, na ile sauti ya konda inapita mlango wa kwanza, inatokea wa pili, inarudi tena mbele, inazunguka. Dereva anasikia bati linagongwa bila kukoma. Anakanyaga mafuta tu. Hapo moyo unaweza kupiga hata mara 200 kwa dakika. Ukikimbia hivyo haupati muda wa kujaa damu, kichwa kinakuwa chepesi, na wengine huanguka. Kwa wachache, mapigo yanaweza kuvurugika kabisa na moyo kusimama.

Kwa shosti wangu daktari alichagua amiodaroni, huku akisubiri zamu ya matibabu makubwa zaidi. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa siku.

DAWA YENYEWE NI IPI HII?

Moja ya majina yake ya kibiashara ni Cordarone. Asili yake ina mkono wa Afrika ndani yake. Huko Misri watu walikuwa wakitumia mbegu za mmea uitwao khella kwa maumivu ya mawe ya figo. Mwaka 1946 mtafiti Gleb von Anrep, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aligundua kwamba mtu wa maabara yake aliyekuwa akinywa khella kwa ajili ya figo alipona na maumivu ya kifua pia. Wataalamu wakaanza kutafuta dawa zinazofanana na kilichomo kwenye mmea ule, na mwaka 1961 kampuni ya Labaz ya Ubelgiji ikatengeneza amiodaroni kwa ajili ya maumivu ya kifua. Baadaye, kazi za watu kama Bramah Singh, daktari mzaliwa wa Fiji aliyekuwa Oxford, na Mauricio Rosenbaum wa Argentina zikaonyesha kwamba dawa hii ina uwezo mkubwa wa kutuliza mapigo yaliyovurugika. Marekani iliiruhusu mwaka 1985. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Inafanyaje kazi? Turudi kwenye daladala. Amiodaroni inamfanya dereva awe mzito kidogo wa kusikia. Kila seli ya moyo ikishapiga, inalazimika kupumzika kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukubali kugongewa tena. Ule umeme unaozunguka ukija kugonga unakuta seli bado imelala. Mzunguko unakatika.

Lakini huko kumrefushia dereva usingizi kuna mpaka wake. Ukiongeza juu yake dawa nyingine inayofanya vivyo hivyo, mapumziko yanakuwa marefu kupita kiasi, na moyo unaweza kuzusha vurugu mpya mbaya kuliko ile ya kwanza. Shikilia hilo, tutalirudia.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba dawa hii haina haraka ya kuondoka. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, kwenye ini, kwenye mapafu. Ukiacha leo, kwa wastani inachukua karibu miezi miwili nusu yake kutoka, halafu miezi mingine kwa nusu ya iliyobaki. Panadol ni mgeni wa chai. Amiodaroni ni mpangaji.

KICHENI PATI HAIKUFUNDISHA HILI

Alipopata mchumba, shosti alijiapiza kumwambia. Siku ya kwanza akaona mapema mno. Siku ya kutoa barua akaona siyo mahali pake. Siku ya mahari wazee walikuwa wengi. Kwenye kicheni pati akafundishwa mapishi, akafundishwa chumbani, akapewa vyombo na kanga, lakini hakuna hata mama mmoja aliyesema: mwanangu, mwambie mwenzio dawa unazokunywa.

Wapendanao wengi wa mjini siku hizi wanakwenda kupima VVU pamoja kabla ya ndoa, na ni jambo zuri. Lakini wewe uliyeoa au kuolewa, uliwahi kuulizwa habari za moyo? Kisukari? Selimundu? Tunauliza kabila, tunauliza dini, tunauliza ana gari gani.

"Niliogopa neno moja tu," shosti aliniambia. "Mgonjwa wa moyo. Niliogopa mama mkwe aseme mwanangu kaoa maiti."

Basi akavitoa vidonge kwenye boksi lake, akavikata vipande vipande, akaviweka kwenye kikopo cha poda. Kila usiku saa tatu anaingia bafuni, anameza, anatoka. Na kwa kuwa daktari alimwonya asishike mimba akiwa kwenye dawa hii, akawa anahesabu siku. Siku nyingine kichwa kinauma. Siku nyingine amechoka. Huku mama mkwe anapiga simu kutoka mkoani kila Jumapili: "Vipi huko, kuna habari?"

Mume naye siyo mjinga. Mwezi mmoja kabla ya ile Jumamosi alikuwa anatafuta poda ajipake, akafungua kikopo. Akaona vidonge. Akapiga hesabu zake, akapata jibu: mke wangu anakunywa majira na mimi nahangaika na maneno ya mama. Akafunga kikopo. Akanyamaza.

Nyumba moja, watu wawili, siri mbili.

HOMA, MSETO NA KIMYA

Alhamisi ya wiki hiyo shosti akapata homa, kutapika na tumbo kuendesha. Mume, pamoja na kinyongo chake, akaenda duka la dawa mtaani, akaeleza, akapewa mseto wa malaria na antibayotiki, azithromaisini. Hakuna aliyepima chochote. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa ana dawa nyingine, na hata angeuliza, mume angejibu hana.

Shosti alipoviona vile vidonge, moyo ulimwambia uliza kwanza. Alikuwa na kadi ya kliniki, na daktari alishamwambia asinywe dawa yoyote mpya bila kusema. Lakini kuuliza kungekuwa ni kusema. Mume amesimama pale na glasi ya maji. Akameza.

Jumamosi usiku akaanguka bafuni.

Sasa rudi kwenye lile la dereva mzito wa kusikia. Mseto, yaani ile dawa yenye artemetha na lumefantrini, ni dawa nzuri ambayo imeokoa maisha ya wengi nchini. Lakini nayo inaweza kurefusha kidogo mapumziko ya moyo. Azithromaisini hivyo hivyo. Erithromaisini, sipro na kwinini pia zimo kwenye kundi hilo. Kwa mtu mwenye moyo wa kawaida kwa kawaida hilo halina neno. Kwa mtu aliye kwenye amiodaroni ni mzigo juu ya mzigo. Ongeza kutapika na kuharisha, ambako kunapunguza potasiamu mwilini, madini ambayo moyo unayategemea kupiga vizuri. Mchanganyiko huo ndio daktari alioushuku usiku ule.

Na unajua kilichouma zaidi? Walipompima malaria, hakuwa nayo.

Tuelewane hapa: sisemi mgonjwa wa moyo asitibiwe malaria. Malaria isiyotibiwa inaua. Ninachosema ni kwamba apimwe kwanza, halafu anayempa dawa ajue kila kitu anachomeza, ili amchagulie inayomfaa na kumwangalia moyo.

Alilazwa siku tano. Siku ya pili, mume alikaa pembeni ya kitanda akamwambia, "Mimi nilijua unakunywa majira." Shosti akacheka, halafu akalia, halafu akaeleza yote. Mume aliniambia mimi mwenyewe: "Dada, ugonjwa wenyewe haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemletea zile dawa na maji."

HABARI ZA MTOTO

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapotega sikio, basi tuseme ukweli.

Amiodaroni imejaa madini joto, yale yale yanayowekwa kwenye chumvi. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina miligramu 75 za madini hayo. Mtu mzima anahitaji miligramu 0.15 tu kwa siku. Ni kweli mwili hauyaachii yote kwa mkupuo, lakini hata kinachoachiwa ni kingi. Ndiyo maana dawa hii inaweza kuvuruga tezi ya shingo: kwa mmoja inalegea, ananenepa, anachoka, anasikia baridi hata Februari ya Dar, kwa mwingine inachachamaa, anakonda, anatetemeka, halali, anagomba na kila mtu. Mwenzi asiyejua habari ya dawa atadhani amechokwa.

Kwa mama mjamzito dawa inamfikia mtoto tumboni, na tezi yake changa inaweza kuathirika. Inapita pia kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana anayeitumia hushauriwa asinyonyeshe. Kwa hiyo madaktari huikwepa kwa mjamzito isipokuwa hakuna njia nyingine. Na kwa kuwa ni mpangaji asiyehama haraka, huwezi kuiacha Ijumaa ukatafuta mtoto Jumapili. Inahitaji kupangwa miezi kadhaa kabla, watu watatu mezani: mke, mume na daktari. Na kama mimba imeshaingia, usitupe dawa mwenyewe kwa hofu. Mapigo yakirudi yanaweza kuwadhuru wote wawili. Wahi kliniki.

Njia ya uzazi wa mpango nayo ichagueni huko huko, kwa sababu siyo kila njia inamfaa kila mwenye tatizo la moyo. Kuhesabu siku na kusingizia kichwa siyo mpango.

UKIWA NA MWENZI ANAYETUMIA

Haya ndiyo shosti na mumewe wameyabandika kwenye mlango wa friji, nami nawapa nyinyi:

- Dawa haiachwi wala haiongezwi bila daktari, hata ukijisikia mzima kiasi gani.
- Kila unapokwenda duka la dawa, kwa meno au kwa kikohozi, sema kwanza: natumia amiodaroni. Mwenzi naye ajue kulitamka jina hilo.
- Wanaotumia pia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au digoksini, wawe makini zaidi. Amiodaroni inazipa nguvu, na dozi zake huhitaji kupunguzwa na daktari.
- Balungi liache. Juisi yake inaongeza kiwango cha dawa kwenye damu.
- Jua la mchana linaunguza ngozi haraka kwa wanaoitumia, na wengine baada ya muda mrefu hupata rangi ya kijivu usoni. Kofia, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Ufukweni Kigamboni nendeni jioni.
- Kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi visisingiziwe vumbi la Mbagala. Dawa hii inaweza kudhuru mapafu, mwone daktari mapema.
- Ukianza kuona miduara kwenye taa za magari usiku, au macho yakififia, sema. Kama unaendesha, mwachie mwenzio usukani mpaka upimwe.
- Damu ya kuangalia tezi na ini ipimwe kila miezi sita hivi, au kama daktari alivyopanga.
- Akizimia, kifua kikimbana au moyo ukikimbia bila kutulia, ni hospitali moja kwa moja.

Pa kuanzia pako karibu. Kinondoni kuna Mwananyamala, Temeke kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka huko unaweza kupewa rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, pale Upanga jirani na Muhimbili, iliyoanza kama taasisi mwaka 2015. Kwa watu wa upande wa Temeke, taasisi hiyo inaendesha pia hospitali ya Dar Group pale TAZARA.

SASA WAKO WAPI?

Ile zamu ya matibabu makubwa ilifika. Matibabu ya umeme wa moyo siku hizi yanafanyika hapa hapa Dar. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa juu ya paja mpaka ndani ya moyo, anatafuta ile njia ya ziada, anaichoma kwa joto. Mlango wa pili unazibwa. Kwa wengi wenye tatizo kama la shosti wangu, hapo ndiyo mwisho wa mbio.

Amiodaroni ameachishwa na daktari mwenyewe. Mtoto bado. Kwanza mpangaji ahame, damu ipimwe, daktari aseme sasa. Jikoni kwao kuna kalenda, na kila mwezi ukiisha mume anauwekea alama kwa kalamu nyekundu. Mama mkwe aliambiwa kila kitu, na mume ndiye aliyemwambia. Alinyamaza sana kwenye simu, halafu akauliza, "Anakula vizuri lakini?" Wiki iliyofuata wakapokea gunia la mchele na kuku wawili kutoka stendi.

Nilipita kwao juzi Jumapili. Kwenye kabati la bafuni nilikiona kile kikopo. Nikashindwa kujizuia, nikakifungua.

Kina poda.

Cha kwako je, msomaji, kina nini?